Chama cha Walioruka

Alhamisi, 3 Septemba

Birika la pili limekwisha na kikao hakijaanza. Bwana Nassoro kaleta halua. Mama Chausiku kaleta kachori. Kombo kaleta mdomo. Umeme hakuna tangu asubuhi, jenereta la jirani linanguruma, tunasemezana kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Wote watatu wamekuja. Nimefurahi.

Kila Alhamisi alasiri zahanati ya Daktari Hansa inafunga mapema. Tunageuza mabenchi ya wagonjwa yatazamane, wanakaa walionusurika moto wa masika. Ulianzia chini ya ngazi za ghorofa la Bwana Kantilal, mtaa wa pili kutoka hapa kwetu Mchafukoge. Ngazi za mbao, za zamani. Zikashika kwanza. Waliokuwa juu wakabakiwa na madirisha.

Mama Chausiku alikuwa huko juu na karakana yake ya cherehani. Aliruka. Mguu ulivunjika, ukaunga. Kilichobaki ni pasi ya mkaa. Akisikia harufu yake tu anatoka mbio, na fundi nguo asiyeweza kushika pasi atakula wapi? Wasichana wake wanamsubiri afungue tena. Anawaambia kesho.

Bwana Nassoro alikuwa chini, kwenye duka lake la vitambaa. Babu yake alitoka Uarabuni, yeye kazaliwa Msimbazi. Geti la chuma lilimnasa ndani mpaka zimamoto wakalikata. Sasa hafungi mlango wowote, hata wa choo. Akienda msalani, Kombo husimama nje akiimba ili watu wajue kuna mtu.

Kombo anauza mitumba Mchikichini. Siku ile alikuwa anapita na belo kwenye mkokoteni. Alikata kamba, akamwaga nguo zote chini ya madirisha, watu wakazirukia. Tangu hapo anaongea sana na analala kidogo.

Mimi ni nesi wa magonjwa ya akili. Miaka mingi hospitali ya serikali. Zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa tena, Daktari Hansa akanichukua. Kazi yangu Alhamisi ni kusikiliza, na kuhakikisha hakuna anayelazimishwa kusema. Naiweza kazi hii. Naipenda.

Ijumaa, 4 Septemba

Daktari Hansa karudi semina na wazo jipya. Ijumaa tutakaa sisi watumishi. Eti anayebeba waliolia naye huloa.

Tuko watatu: yeye, mimi na Afande Lusajo wa zimamoto. Huyu ndiye aliyekata lile geti. Tangu siku ile haishi kuja zahanati kukagua mtungi wetu wa kuzimia moto. Tunao mmoja tu. Sidhani kama kuna mtungi mjini humu unaokaguliwa kama huu. Mimi nilidhani ni bidii ya kazi. Daktari kagundua kwamba anatafuta pa kukaa.

Nimeudhika. Sisi si wagonjwa. Daktari akalitaja jina la Pili, yule fundi mdogo wa Mama Chausiku aliyefariki kwenye benchi letu siku ile. Nikaenda kutafuta sukari. Nilichemsha chai kikao kizima. Chai nzuri kweli.

Jumapili, 6 Septemba

Nimegombana na Seif kuhusu mkaa. Nimemwambia siutaki mkaa ndani ya nyumba hii. Kauliza tutapikia nini. Nikasema mafuta ya taa. Kisha nikasema hapana, hayo pia siyataki. Mume wangu ni fundi redio, mtu mpole. Kaenda kununua chipsi.

Alhamisi, 10 Septemba

Nchi nzima inazungumza vyama vingi. Kwenye magazeti, kwenye vijiwe vya kahawa, hata kwa muuza dagaa. Kombo kasema na sisi tusiachwe. Tuanzishe Chama cha Walioruka. Hoja yake: wanasiasa wote sasa wanaruka kutoka chama hiki kwenda kile, lakini hakuna aliyeruka kama Mama Chausiku.

Mama Chausiku kawa mwenyekiti bila kupingwa. Bwana Nassoro akaleta pingamizi dhidi yake mwenyewe. Yeye hakuruka. Yeye alinaswa. Haki yake ya uanachama iko wapi? Wakajadili kwa muda mrefu, kwa kuinua mikono, kwa taarifa mwenyekiti. Mwisho ikakubalika kwamba roho yake iliruka. Afande Lusajo aliingia kukagua mtungi, akatoka akiwa mlezi wa chama.

Sera: milango wazi, hakuna kulazimishana kusema, kachori kila kikao.

Katikati ya vicheko hivyo Bwana Nassoro kasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba akiwa nyuma ya geti alikuwa anasikia watu wakitua kwenye nguo. Alikuwa anasubiri kila kishindo, na akikisikia anamshukuru Mungu. Hajawahi kulisema hilo. Kombo alinyamaza. Kombo! Kisha akamkatia halua kipande kikubwa.

Nilicheka leo mpaka machozi. Jioni narudi nyumbani, mtu anachoma takataka pale Msimbazi. Miguu ikawa mizito kama nimevaa viatu vya mtu. Nikasimama kwa muuza juisi ya miwa mpaka ikapita. Uchovu tu.

Jumanne, 15 Septemba

Bwana Kantilal kaja mwenyewe, kofia mkononi. Mzee kakonda. Ghorofa lake limekwisha kujengwa upya. Ngazi za zege sasa, tena mbili, mbele na nyuma. Anataka lifunguliwe kwa Diwali, ndio mwaka mpya wa biashara kwa watu wake. Chumba cha juu kamwekea Mama Chausiku, kile kile. Lakini yuko mtu anakitaka kwa duka la kukodisha kanda za video, na wanawe wanamwona baba yao mjinga. Kama cherehani hazijaingia kabla ya Diwali, basi.

Alizungumza akiangalia dari. Mabenchi hakuweza kuyaangalia. Nilimpa chai. Nikamwambia Alhamisi mlango uko wazi kwake pia. Akasema ana shughuli nyingi.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimemfikishia Mama Chausiku ujumbe. Kasema, "Aweke video."

Wakati wa kutoka akanivuta pembeni akaniuliza kama hizo ngazi mpya ni pana. Nilimwambia nitauliza. Moyoni nikashangilia. Mtu ambaye amekataa haulizi upana wa ngazi.

Tumekubaliana: pasi kwanza, ngazi baadaye.

Ijumaa, 18 Septemba

Afande Lusajo kasema leo. Mtu mkubwa vile, mikono kama koleo, kasema akiangalia magoti yake. Anaota lile geti. Siku ile lilikatika, Bwana Nassoro akatoka. Ndotoni halikatiki. Mkewe sasa analala na watoto kwa sababu yeye anapiga ukuta.

Daktari Hansa akasema mkono wake unatetemeka akishona kidonda. Daktari Hansa, mtoto wa mtaa huu, anayefokea mpaka wakaguzi wa afya. Nilikuwa sijui.

Wakaniangalia. Nikasema mimi mzima, alhamdulillahi. Nikaosha vikombe. Vilikuwa visafi.

Alhamisi, 24 Septemba

Pasi imeingia kikaoni, baridi, bila mkaa. Kombo aliibeba juu ya mto kama taji la mfalme. Tumeiweka katikati ya benchi. Mama Chausiku kaiangalia kwa mbali, kaisogelea, karudi. Kasema ina kutu. Kasema hii pasi ya nani isiyotunzwa namna hii. Akachukua kitambaa akaanza kuisugua huku analaani uvivu wa vijana. Aliposhtuka alikuwa ameipakata.

Bwana Nassoro alikuwa anajipangusa macho na kilemba.

Alhamisi, 1 Oktoba

Leo na mkaa. Tulianzia uani, tukaisogeza polepole mpaka mlangoni, kila mara kwa ruhusa ya mwenyekiti. Kombo kaleta koti la mtumba la nchi za theluji, zito kama godoro, eti linyooshwe atalivaa Krismasi. Nani atavaa koti hilo katika joto la Dar? Amesema atasimama nalo mbele ya friji.

Mama Chausiku alitokwa jasho. Alishika mpini. Akaachia. Akashika. Kisha akapiga pasi mkono mmoja wa lile koti, taratibu, kuanzia begani mpaka kwenye pindo. Wote wakapiga makofi.

Mimi sikuona makofi. Nilisikia tu. Nilikuwa nimetoka nje. Daktari Hansa akanifuata uani. Kaniuliza nilikuwa naenda wapi. Nikasema kuteka maji.

"Sista Zubeda," akasema, "bomba halitoi maji tangu jana."

Alisimama na mimi, kisha akarudi ndani. Nimemkasirikia mpaka sasa. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimemfokea mgonjwa. Bibi mmoja, kaniuliza mara ya pili zamu yake lini. Nikamjibu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Yule bibi akasema, "Pole, mwanangu." Aliniambia pole yeye, mimi niliyemkosea. Nilimwomba radhi. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari nimemshika mkono.

Nyumbani sikusema. Seif alijua. Alikuwa na redio ya mtu mezani, imefunguliwa mgongo, anapuliza vumbi. Akasema bila kuinua kichwa:

"Tangu masika hulali, mama. Mimi najifanya nimelala ili usione aibu. Na mimi nimechoka kujifanya."

Nikaenda kukunja nguo. Nilikunja mpaka zile chafu.

Alhamisi, 8 Oktoba

Chama kimefanya ziara. Tumekwenda kuliangalia ghorofa la Bwana Kantilal. Limepakwa rangi ya maziwa, madirisha ya buluu. Zuri. Bwana Nassoro kaonyeshwa duka lake, geti jipya linafunguka kwa ndani hata na mtoto. Alilifungua na kulifunga mpaka fundi akaogopa bawaba zitachakaa.

Mama Chausiku alipanda mpaka pale ngazi zinapokata kona. Alisimama, akasoma dua, akashuka. Uso wake ulikuwa unang'aa.

Mimi nilibaki chini na mikoba ya watu. Nilisema lazima mmoja ailinde. Kombo kasema Sista kawa stoo ya chama. Nilicheka na wenzangu.

Sikuweza kuinua mguu. Ndio ukweli. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 13 Oktoba

Yule mtu wa video kaonekana kwenye ghorofa na futi, anapima kuta atapanga wapi kanda. Habari zikamfikia Mama Chausiku sokoni, akiwa anachagua nazi. Aliziacha nazi. Alikuja zahanati moja kwa moja, khanga imemteleza, na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Chumba kile alikianzisha na cherehani moja ya miguu. Wasichana wamefundishwa humo. Pili alifundishwa humo kuanzia kutia uzi kwenye sindano. Halafu mtu aje aweke sinema za mateke?

Kasema Alhamisi ya wiki ijayo cherehani zinapanda. Akipanda yeye, asipopanda yeye, zinapanda.

Hasira ni dawa nzuri, nimeiona kazini mara nyingi. Nilimsifu. Kisha akaniuliza, "Utakuwa na mimi, Sista?" Nikasema bila shaka.

Jioni nilirudi kwa njia ndefu, nisilipite lile ghorofa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Kikao cha watumishi. Nilisema kichwa kinauma. Kilikuwa kinauma kweli.

Jumatano, 21 Oktoba

Kesho. Nimepiga pasi gauni jeupe. Pasi ya umeme, leo umekuja. Seif kaniuliza kama aje. Nikamwambia ni kazi tu.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nitaandika yote.

Tulikutana saa za alasiri mbele ya ghorofa. Kombo alikuja na rafiki zake wa Mchikichini na mkokoteni wa cherehani. Afande Lusajo alikuja bila sare, na shati la maua. Bwana Nassoro alifungua duka lake nusu, ili kama mtu akihitaji kukimbia awe na pa kukimbilia. Wasichana wa Mama Chausiku walisimama barabarani wameshikana mikono. Bwana Kantilal alikuwa mlangoni na sinia la peremende, hajui amkaribishe nani kwanza.

Mama Chausiku akaanza kupanda. Nilikuwa nyuma yake. Karibu na kona akaganda, kucha zake zikanasa kwenye reli. Nikafanya kazi yangu. Nikamwambia ashushe pumzi, aniambie anachokiona, kimoja kimoja. Akasema anaona ukuta. Rangi mbichi. Buibui. Visigino vya Kombo vilivyopasuka, havijawahi kuona mafuta. Kombo, aliyekuwa mbele na meza ya cherehani kichwani, akasema amesikia na atashtaki kwenye kamati. Mama Chausiku akacheka. Akicheka, mguu ukainuka. Akapita kona, akapanda, akafika. Barabarani wasichana wakapiga vigelegele.

Nikabaki mimi.

Pale kwenye kona kuna dirisha. Nilikuwa sijui. Ukichungulia unaona mpaka mlango wa zahanati yetu, na benchi lililo barazani. Nikaliona lile benchi kutoka juu. Nilikaa kwenye ngazi na gauni langu jeupe kama mzigo uliodondoka mkokotenini. Nilisikia watu wananiita kwa mbali. Nilikuwa sipati pumzi. Nilijua kila kitu cha kufanya, kwa kuwa ndicho ninachofundisha, na sikuweza kufanya hata kimoja.

Mama Chausiku akashuka. Mwenyewe, bila kushikwa. Akakaa kwenye ngazi kando yangu, bega kwa bega. Akanishika mkono.

"Niambie unachokiona, mdogo wangu."

Nikasema, "Namwona Pili."

Mkono wake ukakaza. Hakuutoa.

Nikamwambia. Sijamwambia mtu yeyote tangu masika, wala hapa sikuandika. Nilijiambia mzigo wa nesi haushushwi kwa mgonjwa. Na yeye hakuwahi kuniuliza, kwa sababu alidhani Pili alikufa peke yake katika ile rabsha na hakuna anayejua.

Hakuwa peke yake. Mimi nilikuwa nimemshika. Walimlaza kwenye benchi la barazani maana ndani kulijaa. Nilipiga magoti. Nilijua hatapona, na nadhani naye alijua. Nilikuwa nataka kumwambia maneno ya kufariji, yale tunayofundishwa. Yeye akaniangalia kichwani. Kofia yangu ilikuwa imedondoka. Akasema, "Sista, aliyekusuka alikuwa anasinzia."

Nikacheka. Sikukusudia. Na yeye akacheka, kidogo. Kisha akafumba macho. Nikaitwa kwa mwingine, nikaenda, na mwingine, na mwingine. Jambo lililonila miezi yote hii ni kile kicheko. Kwamba mtoto wa watu anakufa na mimi nacheka.

Nilipomaliza, Mama Chausiku alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikaogopa. Nilidhani nimemvunja. Kumbe anacheka na kulia kwa pamoja.

"Huyo ndiye Pili," akasema. "Huyo huyo. Hakuacha kichwa cha mtu kipite." Akajifuta na khanga. "Kila usiku nilikuwa namwona yuko peke yake, Zubeda. Kila usiku. Kumbe alikuwa na wewe, tena mnacheka."

Tukakaa. Wale wasichana walikuwa wamepanda nyuma yetu na wamesikia yote. Wakakaa na wao, wengine wanalia, mmoja akaanza kusimulia Pili alivyomwambia bwana harusi kwamba suti yake inamtaka mtu mrefu zaidi. Vicheko. Bwana Nassoro akakaa. Afande akakaa. Bwana Kantilal alifika na sinia lake, akakuta ngazi imeziba, hakuwa na pa kupita, akasita, kisha naye akakaa. Sinia likapita mkono kwa mkono. Alilia kimya kimya huku anatafuna peremende.

Sijui tulikaa muda gani. Kombo alichungulia kutoka juu akauliza kama chama kimehamia ngazini, maana yeye bado ana cherehani kichwani.

Nilipanda zilizobaki nikiwa nimeshikwa na mwenyekiti.

Chumba kina mwanga mzuri. Madirisha mawili na mlango wa pili wa kutokea. Kabla ya magharibi cherehani ya kwanza ilikuwa inalia.

Ijumaa, 23 Oktoba

Kikao cha watumishi. Chai kapika Afande Lusajo. Mbaya haijapata kutokea. Tumeinywa.

Nimesema. Safari hii haikuwa ngumu kama jana. Daktari Hansa kanisikiliza kama ninavyowasikiliza wengine, na kwa mara ya kwanza nimeelewa kwa nini wanarudi kila Alhamisi. Akanipa likizo fupi. Nikabisha: Alhamisi nani atakaa nao? Akaniuliza kati yetu sisi wawili daktari ni nani.

Nimemsimulia Seif yote. Alizima redio zote mezani, moja baada ya nyingine. Tukakaa kwenye ukimya huo. Nikalala kabla yake. Kaniambia asubuhi kwamba nilikoroma.

Jumapili, 25 Oktoba

Diwali. Mchafukoge yote taa na sukari. Bwana Kantilal aliwaomba majirani fataki zirushwe mapema, kabla giza halijashika, na kila moja itangazwe. Mtangazaji: Kombo, na kipaza sauti cha kukodi, ndani ya lile koti la theluji. "Tahadhari, wananchi! Inayokuja ni kubwa!" Kila mtu anaziba masikio, inalia, watu wanapiga makofi. Watoto wa Kihindi walimpenda kuliko fataki zenyewe.

Moja ililia bila kutangazwa. Bwana Nassoro aliruka akatua ndani ya karai la maji ya maua la mama mkwe wa Daktari Hansa. Kisha Mama Chausiku akasimama akatangaza kwamba kuanzia leo uanachama wake si wa roho tu. Mzee wa watu alicheka mpaka tukamtafutia kiti.

Mimi nilishtuka pia. Kila mara. Seif alikuwa kanishika bega. Kushtuka si kosa. Huwa nawaambia wengine hivyo, leo nimejiambia mwenyewe.

Mtu wa video kapata chumba kingine, juu ya duka la vyombo. Kaja na yeye kula peremende za ladu. Si mtu mbaya.

Jumatano, 28 Oktoba

Likizo. Nimelala mchana. Nimeamka, nimekula embe, nimelala tena.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimerudi kazini. Mvua za vuli zimeanza, uchochoro wa nyuma umejaa maji na mwanga wa dhahabu wa alasiri.

Kikao kilikuwa kidogo. Bwana Nassoro alikuwa na mzigo wa kupokea bandarini. Mama Chausiku kamtuma msichana wake aseme ana sare za shule za kumaliza na tusimsubiri. Hilo lilinifurahisha kuliko kama angekuja. Kombo alikuwepo, kajikunyata pembeni, na baada ya muda akasinzia akiwa amekaa. Tulimwacha. Bwana Kantilal alikuja, mara ya kwanza. Alikaa karibu na mlango, hakusema kitu, na hakuna aliyemuuliza.

Halafu akaja mwanamke ambaye simjui. Si wa moto. Alisimama kizingitini analoa, mikono ameifunga kifuani, anaangalia chini. Kasema kaambiwa hapa watu wanakaa tu. Nikamwambia ndiyo, tunakaa tu.

Hapo zamani ningeinuka. Ningemtafutia taulo, ningepasha chai, ningemwonyesha mahali.

Nilisogea kwenye benchi. Akaja akakaa. Tukasikiliza mvua.